Ndiyo za Mpole

Jumanne jioni, Mpole alikuwa anavua viatu mlangoni wakati mkewe alipomwambia aanze kujizoesha kuviweka kule nyuma, maana Shangazi na ule mguu wake na fimbo yake atakuja kujikwaa hapo tupate kesi. Alilisema jambo lenyewe kawaida tu, huku anakunja shuka. Mpole akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Si Jumamosi anahamia?" mkewe akasema. "Mdogo wako kapiga simu kuuliza amlete saa ngapi. Nimemwambia asubuhi."

Mtu mwingine hapo angeuliza. Angesema, hebu ngoja kwanza mke wangu, nani kasema anahamia, na anahamia wapi? Lakini jamaa hakuitwa Mpole kwa bahati mbaya. Akasema, "Ee, ndiyo, Jumamosi," akakiweka kiatu palepale alipoambiwa asikiweke, akaingia ndani.

Kichwani mwake hamkuwa na Jumamosi yoyote. Usiku kucha aliokoteza maneno ya mkewe moja moja, bila kuuliza, mpaka picha ikakamilika. Jumapili ya wiki mbili zilizopita mdogo wake, anayeitwa Waya kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza simu, alikuja kuwatembelea. Wakakaa sebuleni wawili. Mkewe alikuwa anatoka jikoni na chai, akamsikia mumewe kwa masikio yake mwenyewe akisema, "Ndiyo, aje akae hapa, hakuna shida." Alinuna siku mbili kwa kutoshirikishwa, kisha akaona aah, mgonjwa ni mgonjwa, akaanza kushona pazia la chumba. Mpole aliikumbuka ile Jumapili vizuri mpaka pale Waya alipotaja jina la Shangazi. Baada ya hapo alikumbuka ananawa mikono, Waya ameshaondoka. Katikati hamna kitu.

Alikuwa ameondoka tena. Yeye mwenyewe huita hivyo, kuondoka. Mwili unabaki kitini, macho yako wazi, mdomo unajibu watu vizuri kabisa, lakini mwenyewe hayupo. Hasinzii wala haoti. Ukimuuliza amekuwa wapi hawezi kukuambia, maana huko anakokwenda hakuna kitu cha kuhadithia.

Sasa huyu Shangazi tumtendee haki yake kwanza. Wazazi walipokufa kwa ajali, ndugu wote walikuja kulia wakaondoka, akabaki yeye peke yake, hana mume, hana mtoto, akawachukua wavulana wawili ambao mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Aliuza cherehani yake wapate sare. Waliugua, alikesha. Ukipita mtaani kwake ukamsema vibaya utapigwa mawe, na utakuwa umestahili. Hayo yote ni kweli, tena ndiyo yanayofanya jambo lenyewe liwe gumu kulisema.

Maana kulikuwa na ukumbi. Baada ya chakula cha jioni, wavulana walisimama ukumbini mbele yake, migongo imenyooka, naye akaketi kwenye kigoda na mkanda magotini akaendesha kesi za siku hiyo. Nani kavunja kikombe, nani kachafua shati, nani kamkodolea macho. Kesi iliweza kwenda saa nzima, iliweza kwenda mbili. Kila akipumzika kuvuta pumzi ulitakiwa kusema, "Ndiyo, Shangazi," na sauti isitetemeke. Ikitetemeka anaanza upya. Ukutani nyuma ya kichwa chake palikuwa na doa la maji ya mvua. Mpole akiwa na miaka kama minane aligundua kwamba ukiliangalia lile doa sana, unaweza kuingia. Unaingia, unafunga, unamwachia Shangazi mwili na mdomo, afanye navyo anavyotaka. Mdomo ukajifunza kusema ndiyo peke yake.

Waya hakulijua doa. Yeye alikuwa analia, na aliyelia aliongezewa. Hilo ndilo lililokuwa likimsuta Mpole miaka yote: kwamba alipata mlango wa kutokea, akatoka, akamwacha mdogo wake ndani.

Siku hizi Mpole ni fundi wa vioo, na ni fundi kweli. Anakata kioo cha dirisha la duka kama wewe unavyokata karatasi. Anafanya kazi na jamaa mmoja mnene wanayemwita Bonge, mtu wa mzaha tangu afungue macho, na hao wawili ndio hubeba vioo vikubwa, mmoja anatembea kinyumenyume na mwingine anamwongoza. Mwaka jana walikuwa wanaingiza kioo kwenye saluni. Bonge, aliyekuwa anatembea kinyumenyume, akauliza kama kuna kizingiti. Mpole akajibu ndiyo. Akauliza kama ameshakivuka. Ndiyo. Kumbe Mpole alikuwa safarini, maana mle ndani kulikuwa na mama mmoja anamgombeza mtoto wake. Bonge akajikwaa, kioo kikaja chini, na mpaka leo mkono wake una kovu kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja.

Bonge hakumripoti. Alichofanya, aliporudi kazini na bandeji, alipiga marufuku neno ndiyo. Akisema kizingiti, unajibu kizingiti. Akisema ngazi mbili, unajibu ngazi mbili. "Ndiyo yako haina mtu ndani," alimwambia, na akacheka, lakini hakuwa anatania. Tena ni Bonge aliyemsukuma mpaka kwa mshauri, mama mmoja wa zahanati mwenye mafua yasiyoisha, ambaye Mpole humwona kila wiki na kumwambia mkewe kwamba anakwenda kupima macho. Macho gani yanapimwa kila wiki, we acha tu.

Mshauri alimweleza kwamba hana wazimu. Mtoto aliyekaa miaka mahali pasipokimbilika, akili yake humtafutia pa kukimbilia, na ikishazoea hiyo njia, inaendelea kuipita hata ukubwani, hata pasipo hatari. Akamfundisha namna ya kujirudisha: kukandamiza visigino sakafuni, kushika kitu cha baridi, kutaja kwa sauti ndogo vitu alivyonavyo mbele ya macho. Akamwambia pia awaambie watu wa nyumbani kwake. Hilo la mwisho Mpole alilijibu ndiyo, na mshauri akapenga kamasi akamtazama.

Jumatano na Alhamisi alikwenda kazini akarudi, hana hili wala lile. Alipanga kumwambia mkewe asubuhi, ikawa jioni. Alipanga kumpigia Waya, akaishia kuangalia simu. Angeanzia wapi? Aseme simtaki mama aliyenilea, mguu umeoza kwa sukari, nimemkubali kisha nimemkataa? Watu wangemwelewaje? Hata yeye hakujielewa. Kila alipojitetea moyoni alisikia sauti inamwambia, mbwa wewe, uliuziwa cherehani. Na hofu yake upande wa pili ilikuwa moja, tena wazi: Shangazi akiingia ndani ya nyumba ile, yeye atatoka. Hatabeba nguo wala mswaki, ataacha mwili kitini na mdomo wa kusema ndiyo, na binti yake atalelewa na huo mdomo.

Binti mwenyewe anaitwa Kadogo, yuko darasa la pili, na ndiye aliyelipua mambo. Alhamisi jioni Mpole aliketi sebuleni. Mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa amerudi mapema, kaingia kukitengeneza kile chumba, na kutoka huko akapiga kelele. Mpole akarudi kutoka alikokuwa. Mbele yake alisimama mkewe na lile pazia jipya, limekatwa pembe nzima, na nyuma yake Kadogo na mkasi na mdoli aliyevaa gauni maridadi la maua.

"Baba kasema ndiyo," Kadogo akasema.

Mkewe akamgeukia. Alimwambia mtoto akate pazia?  Mpole akasema labda alisema, pengine hakusikia vizuri, alikuwa na mawazo ya kazi. Kadogo akaona baba anaelekea kumruka amwachie kosa, akajitetea kwa ukweli, kama watoto wanavyofanya.

"Nilimngoja aangalie ukuta ndiyo nikamwomba. Baba Mdogo ndiye kanifundisha. Alisema ukitaka kitu kwa Baba usimwombe ovyo, mngoje aangalie ukuta. Akiangalia ukuta hakatai."

Alilisema kwa furaha, ni mchezo wake yeye na baba yake mdogo. Mpole akaunganisha mambo. Kumbe Waya anajua. Kumbe anajua siku zote, na Jumapili ile alikuja, akakaa, akataja jina la Shangazi, akatulia na chai yake akingoja.

Mkewe alimtoa mtoto nje, akafunga mlango, akaketi mbele yake na lile pazia magotini. Akamwambia yeye anasikiliza. Na Mpole, kwa kuwa hapakubaki uongo wa kufaa, akamweleza: ukumbi, doa, kioo cha Bonge, macho yanayopimwa kila wiki. Alieleza vibaya, akirudia rudia, akiomba radhi katikati ya kila sentensi. Mkewe hakumkatiza. Alipomaliza, mkewe akawa analichezea pazia.

"Na siku ya kunioa?" akauliza. "Ulikuwepo?"

"Siku ile nilikuwepo."

"Afadhali. Maana na hapo ulisema ndiyo."

Akacheka kidogo, halafu akalia, na kulia kwake kulimuuma Mpole kuliko kama angemtukana. Alikuwa anahesabu, ilionekana usoni, mambo yote aliyowahi kumwambia mume huyu akaitikiwa vizuri. Kisha akajifuta kwa pazia lenyewe, maana limeshaharibika, akamwambia jambo moja. Yeye hatamfukuza mama mgonjwa kwa niaba ya mtu. Shangazi akija atampokea, atamwogesha. "Ukimkataa, mkatae mwenyewe, kwa mdomo wako, ukiwa ndani yake. Na mwanangu asije akakuta tena baba anaangalia ukuta. Hilo nakuambia leo ukiwa unanisikia."

Ijumaa mchana Mpole aliomba ruhusa kazini akaenda kwa Waya. Kibanda chake cha simu ni chembamba, kina kaunta ya kioo ambayo Mpole ndiye aliyemkatia. Chini ya kaunta aliona godoro limekunjwa, na mto, na mswaki ndani ya kikombe. Hakukuwa na mteja. Waya alikuwa ameinamia simu iliyofumuliwa.

"Ulinisubiri niondoke," Mpole akasema.

Waya hakuinua kichwa. Alimalizia kulegeza skrubu aliyokuwa nayo, akaiweka, akaweka na bisibisi. "Nilikusubiri," akasema.

Hakukana hata kidogo, na Mpole, aliyekuja amejaa hasira njia nzima, hakujua aipeleke wapi hiyo hasira. Waya akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Tangu mguu uharibike Shangazi alikuwa kwake. Siku ya kwanza tu, aliposikia fimbo ikigonga ukumbini, jasho lilimtoka mwili mzima, mtu mzima na ndevu zake. Hawezi kumeza chakula akimwona. Siku nyingi sasa analala hapa chini ya kaunta, na mkewe anaamini kwamba ana mwanamke. "Natamani ningekuwa naye," Waya akasema. "Ningelala pazuri zaidi."

Mpole akamuuliza kwa nini hakumwambia tu, ana kwa ana.

"Ungekataa. Mtu yeyote akiwepo angekataa." Waya akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe unapo pa kwenda, kaka. Akianza, wewe unaondoka. Mimi sijawahi kuwa na pa kwenda. Nilisimama pale ubavuni kwako, ananiuliza nani kavunja, nasema si mimi. Anakugeukia wewe. Ni huyu, siyo? Unasema ndiyo, Shangazi. Kila jioni, miaka yote ile. Kwa ndiyo zako nimechapwa sana. Nikasema hii moja na mimi inifae."

Mpole hakulijua hilo. Alijua kwamba alimwacha mdogo wake. Hakujua kwamba ule mdomo alioacha nyuma ulikuwa upande wa mwenye mkanda. Kibanda kikaanza kusogea mbali, sauti ya Waya ikawa ndogo kama inatoka chumba cha pili, na mwili wake wote ukataka kwenda. Akaweka viganja viwili juu ya kaunta. Kioo kilikuwa cha baridi. Akataja alichokiona, kwa midomo tu: bisibisi, kava jekundu, kalenda, uso wa mdogo wangu. Uso wa mdogo wake ndio ulikuwa mgumu kuliko vyote kuutazama. Akautazama.

"Nisamehe," akasema. "Sikujua mdomo wangu ulikuwa unasema nini."

"Najua hukujua. Ndiyo maana hata kukuchukia vizuri nimeshindwa."

 Mteja akachungulia, Waya akamwambia arudi baadaye. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, haya, leo upo, nakuuliza upya, na safari hii sitakuibia: utamchukua?

Na jamani, kila kitu ndani ya Mpole kilitaka kusema ndiyo. Safari hii haikuwa ndiyo ile ya zamani, ya kukosa mtu ndani, ilikuwa na mtu, tena mwenye deni. Mdogo wake alipigwa kwa maneno ya kinywa chake. Kumchukua Shangazi kungekuwa malipo ya haki kabisa, nani angebisha? Angemchukua, angeondoka taratibu siku hata siku, na Waya angelala kitandani kwake. Kichwani akamwona Kadogo amekaa na mkasi wake, anamngoja baba aangalie ukuta.

"Hapana," akasema. "Na wewe pia hutakaa naye."

Wakazungumza mpaka jua likageuka. Shangazi ana nyumba yake, ile ile, na chumba cha mbele anakaa mpangaji, mama mjane anayefua mashuka ya zahanati, ambaye zamani alishasema yuko tayari kumwangalia wakimsaidia matumizi. Wao ndio walikataa. Walikataa kwa sababu watu watasema: vijana wawili wana nyumba zao, mama aliyewalea wamemwachia mpangaji. Waya akasema hivyo tena, watu watatusema. Mpole akasema watuseme, na watakuwa na haki. Halafu Waya akauliza ni nani atakayemwambia mwenyewe, na hapo watu wazima wawili wakatazama chini, kila mmoja anamngoja mwenzake. Mwishowe Mpole akasema atamwambia yeye, ila Waya awepo pale, asimame mahali anapoweza kumwona.

Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa sebuleni kwa Waya, amefunga kilemba kipya, mikoba miwili imepangwa mlangoni. Alipomwona Mpole uso ukamchangamka. Akamshika mikono akamwombea dua ndefu, apate riziki, apate watoto wengine, Mungu amfiche na wabaya. Alimshukuru kwa kukubali kabla hata ya kuombwa mara ya pili. Alikuwa amepungua, mabega yamekuwa membamba, na mguu mbaya ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye goti. Mpole akatamani ardhi ipasuke. Kule mlangoni Waya alisimama ameshika fremu, shati limelowa.

"Shangazi, hutakuja kukaa kwangu," Mpole akasema.

Mwanamke yule akaacha kutabasamu polepole. Akasema si alikubali.

"Nilijibu, Shangazi. Sikukubali."

"Simama vizuri ninapoongea na wewe."

Sauti ilikuwa ile, haikuzeeka hata chembe. Miguu ya Mpole ikajinyoosha yenyewe, na kule mlangoni miguu ya Waya nayo. Shangazi akaanza. Sare. Cherehani. Homa ile ya mvua kubwa, alipombeba mgongoni mpaka hospitali. Wanaume waliotaka kumwoa akawakataa kwa sababu ya watoto wa kaka yake. Kila akivuta pumzi aliacha pengo la ndiyo, na mdomo wa Mpole ulifunguka kila pengo. Nyuma ya kichwa chake ukuta ulikuwa mweupe, hauna doa, lakini alishagundua kwamba doa si lazima. Alikuwa nusu ya njia. Akakandamiza visigino. Akanusa dawa ya kuchua, akashika ukingo wa meza, akasikia jirani anasukuma toroli. Akarudi, na aliporudi akakuta maneno yote ya Shangazi yanamngoja, na kila moja lilikuwa la kweli, na kila moja lilimchoma. Akamwambia hivyo. Ni kweli, Shangazi. Hilo pia ni kweli. Na kwangu hutakaa.

 Shangazi akamtazama, si kwa ukali, kwa mshangao, kama mtu aliyefungua kabati akakuta si la kwake.

"Huyu alikuwa analia," akasema, akimnyooshea Waya kidole. "Wewe hukulia hata siku moja. Nikasema huyu mkubwa haimuumi. Nikasema huyu ndiye nitakayezeekea kwake."

"Iliniuma," Mpole akasema. "Sikuwepo tu."

Waya kule mlangoni akatoa sauti, akaifunika kwa mkono. Na yeye alikuwa ameamini hivyo hivyo miaka yote, kwamba kaka haimuumi.

Uso wa Shangazi ukacheza cheza. Hakuomba radhi, msimngoje aombe. Aliuliza tu kwamba sasa yeye na mguu huu ataenda wapi, na safari hii sauti haikuwa ya ukumbini, ilikuwa ya bibi kizee anayeogopa. Mpole akamweleza kuhusu nyumba yake na yule mama mpangaji, na kwamba watakuja wote wawili, mchana, pamoja, kumbadilisha bandeji na kumpeleka kliniki. Shangazi akasema watu watasema nini. Mpole akasema watasema. Shangazi akatazama mikoba yake miwili mlangoni, iliyofungwa kwa ajili ya kwenda kwingine, kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Mpole akamwinua. Hakuwa na uzito. Ule mwili uliojaza ukumbi mzima ulikuwa mwepesi kuliko kioo cha dirisha la choo, na ulimwegemea wote, kwa kuwa haukuwa na mwingine wa kumwegemea. Wakatoka hivyo kuelekea gari la kukodi lililongoja barabarani, hatua, fimbo, hatua, Waya nyuma na mikoba. Majirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao. Mpole alijua wanachokiona, na alijiona mtu mbaya, mbaya kabisa, na njia ya kuondoka ilikuwa wazi mbele yake, ni kuchagua tu kitu cha kukitazama. Hakukichagua. Machozi yakamjia hapo hapo barabarani, mtu mzima, kwa kelele, kamasi zinamtoka, na mikono yote imeshika mzigo hata hana wa kujifutia.

Shangazi akamwambia anyamaze, anawatia aibu, watu wanaangalia.

Mpole akaendelea kulia, akamfungulia mlango wa gari.